Mafiga Nyuma ya Maabara

Mama alipima mahindi kwa meno. Kila mavuno pale Kileo, kabla gunia halijashonwa mdomo, alipenyeza mkono hadi katikati ya lundo, akatoa punje moja, akaiweka kwenye magego na kuibana. Ikilia ka! na kupasuka, gunia lilishonwa. Ikibonyea tu, alisema, “Bado yana maji haya,” na mahindi yote yalirudi juani, nami nikarudi kwenye kazi yangu ya kufukuza kuku. Zaidi ya miaka thelathini baadaye nilisaini hati ya kupokea mashine ya kupima unyevu wa nafaka kwa niaba ya idara niliyokuwa naiongoza. Fundi alipoiwasha, nikaona meno yale. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Mama hakuwahi kuisikia namba hiyo, lakini ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Kileo ni tambarare. Ukitoka Mwanga kwenda Moshi, milima ya Ugweno inakuwa kulia kwako, kijani na ukungu, nawe uko chini kwenye joto. Ndugu zetu wa milimani walikuwa na ndiva, yale mabwawa ya kienyeji yanayokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenye mifereji kwa zamu. Walishuka na ndizi, magimbi na maharage, sisi tukawapa mpunga na mahindi. Kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, walikuja wauza samaki kwa baiskeli, matenga yamejaa perege waliobanikwa. Nilikua nikijua kwamba chakula hutembea, na kwamba kila sahani ina njia iliyopita. Lakini mezani kwetu mfalme alikuwa makande, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja. Mpare asiye na makande ndani ya nyumba ana wasiwasi, na mimi mpaka leo nikikaa wiki nzima bila makande naona kama sijala.

Niliingia Morogoro mwaka 1982, wakati pale pangali Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki katika ajali ya gari mkoani humohumo, na Julai mwaka ule chuo kikasimama chenyewe kwa jina lake. Tulioingia chini ya jina moja tukatoka chini ya jingine. Tulijivunia jina hilo kwa uchungu, na nadhani ndiyo sababu wengi wa kundi letu walikwenda kufanya kazi vijijini bila kusukumwa.

Somo lililonifunga maisha yote nililipata kwenye uji. Mhadhiri alituuliza: mtoto wa mwaka mmoja anakula uji mara tatu kwa siku, kwa nini amekonda? Tukasema umaskini, tukasema minyoo. Akachukua sufuria mbili. Ya kwanza uji mzito, kijiko kinasimama. Mtoto hawezi kuumeza. Ya pili uji mwepesi unaomezeka. Mtoto anashiba maji, kwa maana tumbo lake ni dogo na unga uliomo ni kiduchu. Kisha akanyunyiza unga wa kimea kwenye sufuria ile ya kwanza, akakoroga. Ndani ya dakika chache uji mzito ulilainika ukawa wa kunywa, na unga wote uko mlemle. Vimeng'enya vya nafaka iliyochipua vilikuwa vimekatakata wanga. Watafiti wa Kituo cha Chakula na Lishe, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, walikuwa wakilifanyia kazi jambo hilo, na mwaka 1983 Mosha na Svanberg walilichapisha likasomwa duniani.

Nilikaa kwenye dawati nikiwa nimeduwaa. Kimea! Wanawake wa kwetu na wa Uchagani walikuwa wanakijua tangu enzi, ila kilikuwa kinaishia kwenye pombe. Maarifa yalikuwa ndani ya nyumba ileile alimokonda mtoto, yamewekwa kwenye chungu kingine. Na maabara ilikuwa na lake la kuongeza: machipukizi ya mtama yana sumu ya jamii ya sayanidi, kwa hiyo lazima yafikichwe na kupepetwa kabla ya kusaga.

Baadaye nilipelekwa Iringa, kwenye mradi wa lishe ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Italia. Siku ya kupima watoto, mizani ilining'inizwa kwenye mti, mama anamtia mtoto kwenye bukta ya kitambaa, mshale unacheza, mtoto analia. Kisha kikao. Wanakijiji wenyewe walitazama uzito wa watoto wao na kuulizana: kwa nini huyu ameshuka? Mama yake yuko shamba la mbali tangu alfajiri. Nani atabaki na mtoto? Nilikuwa nimekuja na daftari la protini na kalori, nikaondoka nikiwa nimeandika habari za muda wa akina mama. Mawazo yaliyokomaa kule Iringa yaliingia kwenye mfumo wa kueleza utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990, na unafundishwa hadi leo katika vyuo vya nchi ambazo hazijui Iringa iko wapi. Kila nilipoufundisha nilihakikisha wanafunzi wangu wanajua.

Barua ya kuniteua Mkuu wa Idara niliipata mwaka 2009, katika chuo kingine. Nilidhani ni barua ya utafiti. Ilikuwa barua ya ratiba, mizigo ya kufundishia, mitihani isiyosahihishwa, kemikali zilizokwama bandarini hadi muda wake ukakaribia kuisha, mtahini wa nje anayefika Jumatatu na gari liko gereji. Ya namna hiyo kila kiongozi wa idara anayo, sitayarefusha.

Kilichonikosesha usingizi ni kwamba idara ilikuwa nyumba mbili chini ya paa moja. Wa teknolojia ya chakula walizungumza habari za mitambo, vifungashio na viwango. Wa lishe walizungumza habari za kunyonyesha, vipimo vya urefu na siku elfu moja za mwanzo za mtoto. Fedha zikija kidogo, hawa wanataka mashine ya kukaushia, wale wanataka gari la kwenda kijijini. Kila upande ulikuja ofisini kwangu kunieleza, kwa heshima zote, kwamba upande wa pili si sayansi hasa. Nami kwa muda mrefu niliwapatanisha kwa kugawa fedha nusu kwa nusu, na huo haukuwa uongozi.

Aliyenizindua ni mimi mwenyewe, kwa kosa. Niliandika kipeperushi cha kuwataka akina mama waache kutia magadi kwenye makande na maharage. Sayansi yake ilikuwa sahihi: magadi huharibu vitamini B1, na baadhi ya magadi yana floraidi nyingi inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Tulichapisha, tukagawa. Miezi michache baadaye nikarudi kwenye kijiji kimojawapo, nikakuta kipeperushi changu kimefungia vitumbua. Mama mmoja akaniambia taratibu, kama anayeogopa kuniumiza: “Mwalimu, kuni utaniletea wewe?”

Sikuwa nimezipima kuni. Nilikuwa nimepima vitamini kwa miligramu, na mzigo unaobebwa kichwani kwa saa nzima nisiupime kabisa.

Nikaenda Kileo. Mama alikuwa mzee sasa, lakini moto wake ulikuwa uleule. Nikamwomba apike sufuria mbili za makande kwa maharage yaliyokaa stoo msimu mzima, moja na magadi, moja bila. Nikapima kila ukuni kabla haujaingia motoni. Sufuria ya magadi ilipoiva, tukala. Ile nyingine tuliendelea kuichochea mpaka jua likaanza kuteremka, na mzigo wa kuni uliokuwa pembeni ukaisha. Mama hakunicheka. Alisema tu, “Maharage ya zamani yana ukaidi, mwanangu. Mapya hayataki magadi mengi.”

Sentensi hiyo ndiyo niliyorudi nayo chuoni. Maharage yaliyohifadhiwa kwenye joto na unyevu huwa magumu kuiva: kalsiamu iliyomo ndani ya punje hushikamana na pektini, ile gundi inayounganisha seli, na maji ya moto hayaiachishi kirahisi. Magadi huiachisha. Chumvi ya kawaida kwenye maji ya kulowekea nayo husaidia, kwa upole zaidi. Kumbe suala la vitamini lilikuwa suala la kuni, la kuni likawa la ghala, na la ghala lilikuwa la wale wenzangu wa mitambo na vifungashio. Nyumba zangu mbili zilikuwa zikigombania sufuria moja bila kujua.

Nikaomba mafiga matatu yajengwe nyuma ya maabara, chini ya paa la bati. Nikapeleka pendekezo kwenye kikao cha idara: kila mwanafunzi wa mwaka wa pili, wa mitambo na wa lishe, apike makande na uji wa kimea juu ya kuni, apime kuni, muda, maji na unene wa uji, kabla hajaruhusiwa kugusa mashine.

Kikao kilichafuka. Aliyeumia zaidi alikuwa mwenzangu, mwanamke, mkemia hodari kuliko mimi. Alisubiri wengine watoke, akafunga mlango. “Dada,” akasema, na tangu niteuliwe hakuwahi kuniita hivyo ofisini, “tumepigana miaka mingi tusiitwe walimu wa mapishi. Mimi nimeulizwa kwenye usaili kama digrii yangu ni ya kupika. Leo unaturudisha jikoni kwa mikono yako?”

Sikuwa na jibu siku ile, na nilimheshimu mno kumpa jibu la haraka. Alikuwa anasema kweli. Tuliwekwa jikoni na watu waliodhani jikoni hakuna akili, nasi tukajiokoa kwa kukimbia jiko. Lakini watoto walikuwa bado wanalishwa kutoka hukohuko. Takwimu za taifa za mwaka 2010 zilionyesha watoto 42 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nilimwomba kitu kimoja: aje yeye asimamie vipimo pale mafigani, vifanywe kwa ukali uleule anaoutumia maabara. Alikuja wiki ya tatu, na koti lake jeupe. Mwanafunzi mmoja wa kiume, mtoto wa mjini, alikuwa analia moshi na moto umemzimikia mara ya nne. Mwenzangu akainama, akapanga kuni upya, akapuliza. Kisha akamwambia, “Andika: unyevu wa kuni haujapimwa.” Tangu hapo hakuna aliyeuliza kama ile ni sayansi.

Mwaka 2016 ugonjwa wa ajabu wa ini ukazuka Dodoma na Manyara. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, 20 wakafa. Wakenya walikuwa wameuonja msiba huo mwaka 2004, waliposhuhudia vifo 125. Nilizisoma habari hizo nikiwa nimefunga mlango wa ofisi. Sumu hiyo haifi kwa kupika. Mafiga yangu, vimeng'enya vyangu, chumvi yangu, vyote haviigusi ikishaingia. Kinachobaki ni kukausha, kuhifadhi mahali pakavu, na kuchambua punje zilizooza na zilizovunjika. Na hizo punje mbovu, majumbani mwetu, hatuzitupi: tunawapa kuku, au zinakwenda kwenye pombe.

Mwaka uleule tulibadilisha mtaala wa uhifadhi. Mashine ya unyevu tulikuwa nayo moja. Wakulima ni mamilioni. Kwa hiyo tukafundisha chupa: chupa ya kioo iliyokauka, mahindi kiasi cha theluthi, chumvi kavu vijiko kadhaa, funika, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Mwenzangu mkemia aliilinganisha chupa na mashine kwa siku nzima, sampuli kwa sampuli, hadi akaridhika kwamba mkulima hatadanganywa.

Utafiti wa taifa wa 2022 ulipoonyesha udumavu umeshuka hadi asilimia 30, nilikuwa nimekwisha kukabidhi ofisi. Nilifurahi, kisha nikahesabu: karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Sikulala vizuri usiku ule.

Sasa niko Kileo. Mama alikwisha kututoka, na meno yangu hayaniruhusu kung'ata punje. Msimu uliopita binti wa ndugu yangu alikuja huku lori la kukodi likimsubiri njiani, magunia yamekaa tayari, dereva anapiga honi. Alijaza chupa, akatikisa, akaiweka juu ya kinu tukangoja. Chumvi ilishika kwenye kioo kama umande. Alitoka kwenda kwa dereva, nikamsikia akibembeleza, kisha akigomba. Lori likaondoka tupu. Akarudi, akafungua gunia la kwanza, akalimwaga kwenye turubai, nami nikavuta kigoda kivulini niwafukuze kuku.