Riyali 45 Muscat, Laki Nne na Nusu Kariakoo: Lenzi Ndogo Iliyozua Ugomvi Mitole

Kuna jamaa mmoja wa Mitole, kule wilayani Kilwa, ambaye status yake ya WhatsApp ilitembea kwenye magrupu ya wapiga picha kuliko picha zake zote za mwaka mzima. Jina lake libaki mfukoni. Kazi yake ni harusi, maulidi na mahafali, na anayemjua anajua kwamba ufuta ukishauzwa na watu wakishalipwa, halali. Harusi zinafuatana Mitole, Nangurukuru, Kivinje mpaka Masoko.

Status yenyewe ilikuwa na skrinishoti mbili. Kushoto, muuzaji wa Kariakoo akimjibu "laki nne na nusu, bei ya mwisho kaka". Kulia, risiti ya duka la Muscat, lenzi ileile, riyali 45. Chini yake jamaa akaandika: "Hawa ndio wanaotufanya tubaki maskini. Laki na sitini wanakula bure."

Hesabu ya harakaharaka inamuunga mkono. Riyali ya Oman imefungwa kwenye dola, riyali moja ni kama dola 2.6. Kwa hiyo riyali 45 ni dola 117. Ukiichukua dola kwa shilingi 2,500 kama mfano, unapata laki mbili na tisini na kidogo. Toa kwenye laki nne na nusu, inabaki kama laki na sitini. Magrupu yakawaka. Kila mtu akaleta kidonda chake cha Kariakoo.

Muuzaji naye anamfahamu jamaa. Walikaa dawati moja sekondari. Aliiona status, akaipita kimya.

Lenzi yenyewe ni ipi?

Ni ile Sony 16-50 ya zumu ya umeme, iliyotoka mwaka 2012. Wengi wameishika bila kuijua jina, kwa sababu ndiyo inayokuja imefungwa kwenye kamera kama a6000. Ina gramu 116 tu, na ikijikunja haifiki sentimita tatu. Inaingia mfuko wa koti la harusi na hakuna anayeshtuka.

Jamaa alikuwa anatumia ya zamani, 18-55, ambayo zumu yake ni ya mkono. Unazungusha pete, kioo kinatoka. Ukizungusha mpaka mwisho, inagota. Mkono unajua wenyewe uko wapi. Hiyo ya zamani ilianguka, ikaingia mchanga, pete ikaanza kusaga kama kinu. Ndipo akamwomba dada yake mkubwa, anayefanya kazi za ndani Muscat, amwangalizie huko.

Dada alitumia siku yake moja ya mapumziko kwenda Ruwi. Akaipata. Akampa mama mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani, jamaa akapanda basi Nangurukuru kwenda Dar kuipokea, akalala huko, akarudi. Alivyofika tu Mitole, status ikapanda.

Sasa bei: kwa nini lenzi moja ina bei tatu?

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, wanalinganisha embe na chungwa.

Kwanza, bei ya kwenye mtandao wa Marekani. Toleo la pili la lenzi hii lilipotangazwa mwaka 2024, bei yake huko ilikuwa kama dola 300. Lakini Wamarekani wanaandika bei bila kodi ya mauzo. Kodi inaongezwa kaunta, na kila jimbo lina yake, mengine kama Oregon hawana kabisa. Uingereza ni kinyume, bei unayoiona dukani tayari ina VAT ya asilimia 20 ndani yake. Oman walianza VAT mwaka 2021, asilimia 5 tu. Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18.

Ukichukua dola 300 hizo kwa mfano wetu wa 2,500, ni laki saba na nusu. Weka asilimia 18 juu yake, unakuwa laki nane na themanini na tano. Hapo bado nauli ya ndege na bado ushuru wa forodha. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi zake, 0, 10, 25 na 35, kutegemea bidhaa imepangwa kundi gani. Na VAT haikatwi kwenye bei ya kiwandani peke yake, inakatwa baada ya kujumlisha nauli na ushuru. Kodi inakaa juu ya kodi.

Mtu atauliza, sasa hiyo laki nne na nusu ya Kariakoo inatoka wapi kama mpya inagonga laki nane na ushee?

Jibu ni boksi. Lenzi hizi ndogo za zumu zinauzwa sana zikiwa seti na kamera, na ndani ya seti kiwanda kinazihesabu bei chee kuliko ukiinunua peke yake. Mwenye duka ananunua seti, anaifungua, anauza kamera peke yake kwa mtu mwenye lenzi tayari, na lenzi inabaki. Anaifunga kwenye boksi jeupe lisilo na maandishi, anaiuza. Si feki. Ni halisi kabisa, ila imetoka bila boksi lake, na mara nyingi bila waranti ya kiwanda. Hata ikiwa na waranti, waranti nyingi za vifaa vya kamera zinafuata nchi au kanda iliponunuliwa. Karatasi ya Muscat haimsaidii mtu aliyeko Mitole.

Lenzi ya riyali 45 ilikuwa ya boksi jeupe. Na ya laki nne na nusu pia ilikuwa ya boksi jeupe, tofauti yake ikiwa muuzaji alikuwa anatoa miezi mitatu ya kubadilishiwa ikisumbua.

Alimwambia jamaa hayo? Hakumwambia. Alimwandikia "bei ya mwisho kaka" basi. Na hapa wauzaji wetu wasijitoe. Ukiweka picha ya bidhaa halafu "bei njoo inboksi", ukija inboksi unaambiwa namba moja isiyo na maelezo, mteja atatafuta maelezo kwingine. Atayapata kwenye risiti ya Muscat.

Jumamosi ya harusi

Aliyekuwa anaolewa ni mtoto wa mama yake mdogo jamaa. Kwa hiyo hapakuwa na malipo ya maana, ila palikuwa na heshima ya ukoo mzima mgongoni.

Mchana alipeta. Jua la kutosha, watu wamependeza, lenzi inaita. Kwenye 16 inaingiza ua zima na mwembe wake, wapishi na masufuria yao.

Shida ilianza jioni, ikaanzia kwenye betri. Betri ya kamera hiyo kwa kipimo cha kiwandani ni kama picha 360, na jamaa alikuwa na moja tu. Kila palipotulia akawa anazima kamera kuokoa chaji. Kwa 18-55 ya zamani hiyo ilikuwa akili, kwa sababu zumu ya mkono inabaki ulipoiacha. Lakini hii ya umeme ukizima kamera inajikunja ndani kama kobe, ukiwasha inatoka tena na kuanzia 16, hata kama uliiacha 50.

Bwana harusi akaingizwa kumpa mkono mkewe. Kile kitendo hakirudiwi. Jamaa akawasha, akanyanyua, akabonyeza. Akapata picha ya chumba kizima: pazia, feni, shangazi watano, simu saba hewani, na katikati maharusi wadogo kama punje za ufuta.

Akavuta pete haraka kama alivyozoea. Pete ya lenzi hii haina mwisho, inazunguka tu, kwa sababu haisukumi kioo chenyewe. Inatuma amri, na mota ndiyo inayovuta, kwa mwendo wake. Mpaka ifike 50, mkono ulishaachiwa, vigelegele vimeshapigwa.

Usiku ukumbini ikazidi. Lenzi hii kwenye 16 inafungua mpaka f/3.5, lakini ukivuta mpaka 50 inaishia f/5.6. Mwanga unaoingia unapungua kama mara mbili na nusu. Taa zenyewe za rangirangi. Autofokasi ikaanza kutafuta, inakwenda inarudi. Jamaa akaingia kwenye menyu, akaweka MF ili alenge kwa mkono. Akazungusha pete avute, picha haivutiki! Inapata ukungu, inaondoka ukungu, haivutiki.

Akatoka nje akiwa amelowa jasho. Kichwani ana neno moja: wamemuuzia dada famba. Akamtumia dada meseji hiyohiyo, saa nne usiku, mtu ametoka kazini amechoka.

Halafu akafanya jambo ambalo lilimgharimu kuliko nauli ya Dar. Akampigia muuzaji wa Kariakoo.

Saa nne na robo usiku

Muuzaji angeweza kuiacha simu iite. Alipokea.

"Upo AF au MF?"

"MF."

"Basi si mbovu kaka. Ukiwa MF, pete inakuwa ya kulenga. Ukiwa AF, pete inakuwa ya kuvuta. Pete ni moja, kazi mbili. Papasa ubavuni mwa lenzi, kuna kitufe cha kusukuma. Ukisukuma T inavuta, W inarudisha. Hicho hakibadiliki, uwe AF uwe MF."

Jamaa akapapasa. Kipo.

"Na usizime kamera kila saa."

"Betri moja, mwanangu."

"Basi ukiwasha, sukuma kwanza T kabla hujanyanyua. Na usihangaike na 50 humo ndani, sogea wewe. Baki kwenye 16 mpaka 20, mwanga utautosha."

Dakika tatu, simu ikakatwa. Hakuna aliyetaja status.

Ukiishika lenzi hii utaelewa kwa nini mtu anapotea. Haina swichi ya AF na MF ubavuni. Haina swichi ya kuzima kitulizo cha mtikisiko, kipo ndani ya menyu ya kamera. Ina pete moja na kitufe kimoja, basi. Udogo wake na bei yake vimetokana na hayo yaliyoondolewa. Kampuni nyingine nazo zimefanya hivyo kwenye lenzi zao ndogo, Nikon 16-50 ya mwaka 2019 nayo haina hizo swichi. Ukinunua kidogo, vidhibiti vinahamia kwenye menyu, na menyu haifundishwi na risiti.

Dada naye

Asubuhi dada akapiga kutoka Muscat. Hakugomba.

"Mdogo wangu, hiyo famba imepona?"

"Imepona dada. Nisamehe."

"Sawa. Ila niliona uliweka riyali 45 kwenye status. Mbona hukuweka na zangu? Teksi ya kwenda Ruwi sikukudai. Yule mama nilimpa kitu mkononi, hakubeba bure. Na ile Ijumaa yangu, ninayo moja tu. Wewe nauli yako ya Dar uliihesabu?"

Jamaa akanyamaza.

"Yule mwenye duka angeifunga na kuiweka kwenye basi, ungeipokea Nangurukuru. Mimi nimekununulia kwa mapenzi, si kwa bei. Usinitumie kumpigia mtu."

Status ilikuwa imeshajifuta yenyewe baada ya saa 24, lakini skrinishoti zake bado zinatembea. Jamaa alirudi kwenye lile grupu kubwa akaandika kwamba lenzi ile ilikuwa ya boksi jeupe, haina waranti, na imefika kwa nauli ambayo haikuwa kwenye risiti. Watu wawili waliweka dole gumba. Wengine walishahamia mada nyingine. Uongo ulipanda basi la alfajiri, ukweli ukapata kiti cha jioni.

Wiki iliyofuata alinunua betri ya pili kwa muuzaji yuleyule. Safari hii muuzaji alimwandikia yote: ni halisi au ni ya kuiga, inabadilishwa ndani ya siku ngapi, usafiri ni kiasi gani. Meseji ndefu, bei haikushuka hata mia.

Ile picha ya mkono ilikatwa kompyuta. Kamera ina megapikseli 24, lakini ukikata picha ya 16 mpaka ifanane na ya 50 unabakiwa na kama megapikseli mbili na nusu. Kwenye simu inapendeza. Kwenye karatasi inatoka safi kwa ukubwa wa postikadi, zaidi ya hapo inachubuka. Mama mdogo alitaka ya fremu kubwa ya ukutani. Amepata ya fremu ndogo, ameiweka juu ya kabati la vyombo, na kila mgeni akiingia anaambiwa asogee karibu ndio aione.

Haya wadau, funguka hapo chini: wewe ungelipa laki nne na nusu yenye mtu wa kupokea simu usiku, au ungetuma ndugu Muscat? Na wauzaji mliopo humu, hiyo "bei njoo inboksi" mtaiacha lini?