Masimba na Nyakati za Kiingereza

Msafiri atokaye mjini Kisii kwenda Keroka hupanda vilima visivyo na nafasi ya kupotea bure: hapa migomba, pale chai, kule mahindi, na nyumba katikati yake. Keroka yenyewe imekaa mpakani, upande mmoja Kisii, upande wa pili Nyamira. Masimba haiko mbali na hapo, katika nchi ya Nyaribari Masaba, na majirani zake ni Gesusu, Ichuni na Kiamokama. Ni soko la wakulima. Mvua hupenda kunyesha alasiri, na mwenye busara huchuma majani yake ya chai mapema.

Lakini leo sitaki kuwaeleza wasomaji habari za chai. Nataka kusema juu ya Kiingereza cha watu wazima. Idara ya Elimu ya Watu Wazima ya Kenya iliundwa mwaka 1979, wakati wa kampeni kubwa ya kufundisha kusoma na kuandika, na madarasa yale watu waliyaita ngumbaru. Mtu akiisha kusoma Kiswahili vizuri hutaka pia Kiingereza, na sababu yake huku ni nyepesi kuiona: mashamba ni madogo, na karatasi za mashamba huandikwa kwa Kiingereza mara nyingi.

Tangu tarehe 1 Juni 2003, sheria ya Kenya yataka mapatano ya kuuza ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi iwe na shahidi. Tena shamba la kilimo lahitaji idhini ya bodi, kwa sheria ya mwaka 1967. Basi mzee ameketi na karatasi mbele yake. Imeandikwa “the buyer has paid”, au imeandikwa “the buyer shall pay”? La kwanza lasema mnunuzi amekwisha kulipa. La pili lasema atalipa. Kati ya maneno hayo mawili limo shamba zima.

Mwalimu husema kwamba “has paid” ni kama -me- ya Kiswahili, amelipa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mtu “amesimama” yuko wima mbele yako sasa hivi, na Mwingereza husema “he is standing”. “Nimechoka” nayo ni “I am tired”, bila “have” yoyote. Pia wengi wetu wa bara husema “amelipa jana” bila kusikia ubaya, bali Kiingereza hukataa kabisa: ukitaja jana, sharti useme “paid” peke yake.

Hata hivyo mkulima wa Masimba haji darasani mikono mitupu. Ekegusii ni tajiri wa nyakati, hata mtaalamu W. H. Whiteley aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotolewa mwaka 1960. Lugha hiyo hutenga jambo la karibuni na jambo la zamani kwa kugeuza kitenzi chenyewe. Kiingereza hakifanyi hivyo. “I paid” ni ya leo asubuhi, na ni ya mwaka 1963 vile vile. Kwa hiyo mwanafunzi hutafuta wakati ambao haupo, akadhani ni yeye asiyeelewa, kumbe lugha yake ndiyo yenye macho makali zaidi.

Ukaidi wa vitenzi ni shida nyingine. “Pay” huwa “paid”, “sell” huwa “sold”, “buy” huwa “bought”, lakini “put” haibadiliki hata kidogo, na “read” huandikwa namna moja ikatamkwa namna mbili. Kwa maoni yangu, ni kazi bure kumkaririsha mtu wa miaka sitini jinsi ya kuogelea na kuruka angani kwa Kiingereza. Aanze na kuuza, kununua, kulipa, kupokea na kudai. Kisha aonyeshwe “having paid” na “upon paying”, maneno yafananayo kama mapacha: la kwanza laeleza malipo yaliyokwisha kutolewa, la pili lategemea malipo yatakayotolewa.

Katika darasa moja mwalimu kijana humwita mwanafunzi wake mzee “tata”, yaani baba. (Mgeni aangalie: kwa Ekegusii “baba” ni mama!) Siku moja aliandika ubaoni sentensi ya “shall pay”, akaeleza maana yake. Mama mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono.

“Mwalimu,” aliuliza, “kama fedha ni za kesho, kwa nini sahihi yangu ni ya leo?”

Mwalimu akaweka chaki mezani. Somo lililosalia siku hiyo lilikuwa juu ya swali hilo tu.