Kisu Nilichokipika Mtowisa

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeacha kazi. Sijaacha. Nilikuwa likizo Mtowisa, Bonde la Rukwa, kwa mjomba wangu. Kwa wasiopajua: Sumbawanga mjini unafika umevaa sweta, kisha unateremka ukuta wa Lyambalyamfipa, na kila kona sweta inazidi kuwa adui. Na tafadhali, msiniulize habari za radi. Sikuona hata moja.

Mjomba ana mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ni gurudumu kubwa la chuma lenye visu viwili vilivyofungwa kwa bolti. Mabua yanalazwa juu ya bamba la chuma lisilosogea, kisu kinapita karibu kabisa na bamba hilo, na bua linakatika kati yao kama kwenye mkasi. Kiangazi hiki malisho yamekauka, ng'ombe wanaishi kwa mabua ya mahindi na majani ya mpunga. Ukiwapa bua zima wanachambua majani na kuliacha lenyewe.

Siku hiyo mashine ilikuwa haikati, inatafuna. Mjomba akanionyesha kazi. Kwanza funga gurudumu kwa kamba lisizunguke (yeye mwenyewe hana ncha ya kidole cha shahada, kwa hiyo sikubisha). Fungua visu. Noa kwa tupa upande ulioinama tu. Ule ulio bapa haupigwi tupa, unapitishwa kwenye jiwe kidogo ili kuondoa vinyweleo vya chuma. Tupa inasukumwa mbele, inanyanyuliwa, inarudi. Akaenda zake mnadani.

Nilipiga tupa dakika kumi, bega likaanza kulalamika. Nikakumbuka kuna kijana pale senta anachomelea mageti na ana grenda. Basi bwana, nikabeba kisu kimoja mbio. Cheche, kelele, dakika tatu tu, makali yanang'aa! Na pembeni yake ukatokea mstari wa bluu, mzuri kweli. Nikadhani ni urembo wa bure.

Mjomba aliporudi alikitazama mara moja tu.

"Mjomba, hiki umekipika."

Ubishi wote wa Mlimani ukanitoka, maana nilijua yuko sahihi kabla hajamaliza. Chuma cha kisu kimegumishwa kwa moto na kupoozwa. Ukikipasha tena, ugumu unapungua na rangi inakusimulia: kwenye nyuzi 220 hivi ni njano hafifu, ikikaribia 300 ni bluu. Ukingo ni mwembamba, joto halina pa kukimbilia, kwa hiyo unaungua wakati sehemu nyingine unaishika kwa mkono. Mwenye grenda anatakiwa aguse kidogo, achovye kwenye maji, aguse tena. Sisi hata ndoo hatukuwa nayo.

Tulikifunga hivyo hivyo. Kilikata vizuri ajabu. Kesho yake, kabla ya saa nne, kikawa butu kuliko mwanzo.

Kilichoniuma ni kwamba nimewahi kuandika gazetini kuwa wakulima wetu "wanaendelea kutumia zana duni". Niliandika nikiwa Dar, kwenye kiyoyozi. Tena niliandika kuhusu watu wa Ufipa, ambako mababu walijenga malungu, tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kikasafishwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ndipo kikawa jembe. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda aliandika tasnifu yake ya mwaka 1995 kuhusu ufuaji chuma wa kusini-magharibi mwa Tanzania. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa natamba na habari hizo kwa wenzangu wa mikoa mingine. Rangi ya chuma sikuijua.

Dawa ilikuwa moja: kuondoa sehemu yote ya bluu, kwa tupa, kwa bega langu. Siku mbili. Halafu kisu kimoja kikipungua, na kingine lazima kipungue vilevile, la sivyo gurudumu linakuwa zito upande mmoja na mashine nzima inacheza. Mwisho unasogeza visu mbele na kukaza bolti, kisha unapitisha kipande cha karatasi kati ya kisu na bamba huku ukizungusha polepole. Ikikatika safi, umemaliza. Ikikunjika, legeza, anza tena.

Karatasi aliyoileta mjomba ilikuwa gazeti letu. Ilikunjika mara nne.

Kile kisu cha pili alikinoa mwenyewe. Nilipojitolea kusaidia, alinipa kamba nishike gurudumu.