Homa ya usiku mmoja na kitabu kilichokosekana karakanani

MVUA ilikuwa inanyesha siku hiyo, ndiyo maana fundi alihamishia kazi ndani. Karakana yake ipo uani kwake, Tabata, Dar es Salaam: banda la mabati, jiliwa moja, mashine ya kuchomelea na kerezo kuukuu la kuchongea vyuma alilolinunua kwa mkopo. Alikuwa anaunganisha bomba za GI kwa ajili ya stendi ya tangi la maji, na mteja aliitaka kesho yake. Akafunga mlango mvua isiingie, akachomelea mpaka saa kumi na moja jioni.

Saa mbili usiku akaanza kutetemeka. Mkewe alimfunika mablanketi mawili, bado meno yaligongana. Alilalamika kwamba kifua kinabana na mdomoni ana ladha kama aliyelamba sarafu. Nyumba nyingi za mjini zingesema ni malaria, na mkewe alisema hivyo hivyo. Walipofika zahanati, kipimo kikaonyesha hana vijidudu. Mhudumu akamtazama vidole vilivyoungua ungua, kisha akauliza: "Mzee, leo umefanya kazi gani?"

Bomba la GI ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 1,500 za Selsiasi, lakini zinki huchemka na kugeuka mvuke kwenye nyuzi 907 tu. Kwa hiyo kabla chuma hakijashikana, zinki imeshapaa kama moshi mweupe, na aliyejifungia bandani huuvuta wote. Saa chache baadaye huja homa, baridi, kikohozi na maumivu ya viungo. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au mbili, ingawa anayezidi kubanwa pumzi hapaswi kusubiri nyumbani.

Mafundi wengi wanaijua hali hiyo, na dawa yao ni maziwa. Fundi huyu naye alikuwa amekunywa nusu lita kabla ya kuanza kazi. Tatizo ni kwamba maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni.

Asubuhi alipoamka mzima, mkewe alikuwa na swali lake.

"Baba watoto, miaka ishirini unafanya kazi hii. Hakuna kitabu kinachosema haya?"

"Vipo."

"Viko wapi?"

Akavuta boksi chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na vitabu saba alivyonunua kwa wauza vitabu vya mitumba, vyote kwa sababu ya picha ya mashine kwenye jalada. Kimoja kilihusu boila za mvuke, kingine kilikuwa orodha ya vipuri vya trekta. Hata kimoja hakikuwa na alama ya mkono mchafu, na kitabu cha karakana ambacho hakijawahi kuchafuka ni pambo.

Mama huyo, ambaye ndiye mtunza hela wa nyumba, alikubali kutoa sehemu ya fedha za kikoba zinunue vitabu, kwa sharti moja. Kijana wao wa kidato cha tatu aning'inize daftari bandani, na kwa mwezi mzima kila swali litakalozua ubishi liandikwe humo. Wanunue kinachojibu daftari, si kinachopendeza machoni.

Mwisho wa mwezi daftari lilisema mengi. Bolti ya M8 inatobolewa kwa biti gani kabla ya kukata hesi? (Msaidizi alikuwa ameshavunja vyombo viwili vya kukatia hesi akitumia biti ya milimita 6, jibu ni 6.8.) Chuma cha kawaida cha milimita 50 kizungushwe kwa kasi gani kwenye kerezo? Na kwa nini koki ya nusu inchi iliyotoka nje ya nchi inaingia mizunguko michache kwenye bomba letu kisha inavuja?

Fundi tangu ujana alikuwa anaota Machinery's Handbook, kitabu cha Kimarekani kilichoanza kutolewa mwaka 1914 na ambacho bado kinatolewa upya. Alipokishika kwa rafiki yake mwenye karakana kubwa, alikinyoosha mbali na uso kama urefu wa mkono, akakunja macho, akakirudisha. Kina zaidi ya kurasa 2,500, na herufi zake ni kama za karatasi ya maelezo ya dawa. Mtu akishapita miaka 45 macho hupungua uwezo wa kuona karibu, na ni jambo la kawaida linalotibika kwa miwani ya kusomea. Kitabu hicho kina pia toleo la herufi kubwa, lakini bei yake mama hakutaka hata kuisikia mara ya pili.

Hata hivyo kilijibu suala la koki. Hesi za bomba zinazotumika kwetu ni za Kiingereza, zenye pembe ya nyuzi 55. Za Kimarekani ni nyuzi 60. Kwa bomba la nusu inchi zote zina meno 14 kwa inchi, ndiyo maana hudanganya kwa kuingia mwanzoni. Na hapa ndipo walipogundua namna ya kuokoa fedha: hesi hizo hazijabadilika. Toleo la miaka 30 iliyopita hujibu swali hilo sawasawa na jipya. Rafiki aliwauzia la kwake la zamani kwa bei ya chini.

Vingine viwili vilipatikana kwa urahisi zaidi. Kijitabu cha Zeus, chembamba chenye majedwali ya biti na hesi, kilifungwa kwa kamba kando ya mashine ya kutobolea, na ndicho kinachofunguliwa kila siku. Sehemu ya kwanza ya Workshop Technology cha W. A. J. Chapman ilinunuliwa kwa ajili ya msaidizi, kwa kuwa inafundisha tangu kushika tupa. Anayekitafuta aangalie toleo, la zamani hupima kwa inchi.

Lakini mama alikuwa bado ana neno lake moja. Kila kitabu alichooneshwa alimwambia kijana atafute zinki kwenye faharasa, na moshi. Chapman wa zamani hakumridhisha. Kuhusu afya, kitabu kikuukuu ni hatari kwa namna ambayo jedwali la hesi si hatari. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitabu kilichochapwa kabla ya hapo hakiwezi kukuambia hivyo.

Bahati nzuri, maandishi mapya ya usalama yalikuwa ya bure. American Welding Society inatoa mtandaoni kanuni zake za usalama, zinazojulikana kama Z49.1, pamoja na karatasi fupi kuhusu moshi, macho na umeme. Kijana alizipakua kwenye simu, akachapisha kurasa chache stesheneri, akazitafsiri kwa kalamu pembeni.

Sasa zimo ndani ya nailoni mlangoni: ondoa zinki kwa grainda pande zote za kiungo, ukiwa umevaa barakoa ya kuchuja moshi na si kitambaa; fungua mlango; kaa upande ambao moshi hauji usoni; miwani ya jua si kioo cha kuchomelea. Mvua ikinyesha, kazi za GI husubiri, na mteja mmoja tayari ameondoka kwa hasira.

Fundi bado anakunywa maziwa yake jioni. Anasema anayapenda tu.