Pikapu za Kizamani? Badilisha Nyuzi Kwanza

Wasee wa besi, tuongee. Pikapu ninayosema si ile ya kubeba maembe kutoka Kola hadi Machakos mjini. Ni kile kidude chini ya nyuzi za gitaa: sumaku, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi ukitetemeka, umeme unazaliwa. Basi.

Sasa kuna stori ati bila pikapu za kizamani besi yako haina roho. Nyingi zinaiga zile Fender waliweka kwa Precision Bass mwaka wa 1957. Mwaka huo zilikuwa mpya kabisa!

Sikatai, tofauti ipo. Chumbani na hedifoni utaiskia. Lakini huku Kalama besi inatokea kwa spika za kukodi, harusini, akina mama wakipiga vigelegele. Nani ataskia sumaku? Weka Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers uskize besi ikikimbizana na ngoma. Hivyo ni vidole.

Na nyuzi zako, ulibadilisha lini? Anza hapo. Halafu chukua bisibisi, inua pikapu uliyo nayo kidogo, sauti ibadilike bure. Chapaa ikibaki, tafuta amplifaya.