Mkono usiojua kugeuza samaki

Wiki hii tunawaletea habari ya mkono mdogo wa mashine uliofika shuleni kwetu ndani ya katoni ya biskuti, na habari ya msichana mmoja ambaye sisi walimu wake tulikuwa tumeshamkatia tamaa. Habari hizi mbili zinakwenda pamoja, mtaona.

Kwa wale ambao hawajafika huku: Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi upande wa kusini wa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Usiku viboko wanatoka majini na kupita kati ya nyumba. Mchana korongo marabu wanagombea matumbo ya samaki na wamama wanaosafisha. Wanaume ndio wanaoingia ziwani, lakini samaki akifika nchi kavu anakuwa mikononi mwa wanawake. Wao ndio wanaopasua, wanaotia chumvi, wanaoanika, wanaokausha kwa moshi na wanaopanga vikapu vya kwenda Kiwanja, Rutshuru na Goma. Sisi tunaowaandikia ni walimu wawili wa kike wa shule ya msingi. Tuna diploma ya ualimu, tuna watoto nyumbani, na akiba yetu tunaiweka kwenye AVEC moja pamoja na wamama wa samaki.

Katoni ile tulitumiwa na ndugu wa mmoja wetu. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki, skrubu ndogo kama mbegu za mchicha, mota nne, kadi moja ya umeme inayoitwa Arduino, na kebo ya kuunganisha kwenye kompyuta. Kadi za aina hiyo zilianza kutengenezwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ili wanafunzi wajifunze kuendesha mashine bila gharama kubwa. Maelezo yalikuwa kwa Kichina na Kiingereza, na sisi tunafundisha kwa Kiswahili na Kifaransa. Basi tulifuata picha. Ilituchukua jioni tatu, na mara mbili tulilazimika kufungua kila kitu kwa sababu tulikuwa tumeweka kiwiko mahali pa bega.

Mkono wenyewe una viungo vinne. Kiuno kinauzungusha, bega linauinua, kiwiko kinaunyoosha, na vidole viwili vinafunga na kufungua. Kila kiungo kina mota yake. Ndani ya mota kuna injini ndogo, magurudumu ya meno, na kifaa kinachopima kiungo kimefika wapi. Kwenye kompyuta tunaandika namba kati ya 0 na 180, sawa kabisa na nyuzi za kile kipimapembe cha plastiki ambacho watoto wa mwaka wa sita wanakitumia kwenye jiometria. Kadi inaigeuza namba hiyo kuwa mdundo wa umeme unaokwenda mara 50 kwa sekunde. Mdundo ukiwa mfupi, kiungo kinakwenda upande huu. Ukirefuka kidogo, kinakwenda upande ule. Ukiandika 90, kiungo kinasimama katikati.

Kazi ya kwanza tuliyoupa mkono wetu ilikuwa kuchukua kizibo cha chupa kwenye sahani moja na kukiweka kwenye sahani ya pili. Tuliandika kila hatua kwa namba: zunguka, shuka, funga vidole, subiri sekunde moja, inuka, zunguka tena, shuka, fungua. Kompyuta ilikuwa ile ya zamani ya shule, tuliyoipeleka kuchajiwa kwenye kibanda chenye paneli za jua. Intaneti haikuhitajika, kwa kuwa programu ilikuwa tayari imewekwa ndani.

Siku ya kuwaonyesha watoto, mkono ulikataa. Tukisogeza kiungo kimoja, kinatii. Tukiviambia vyote vinne viende pamoja, vinatetemeka kama mtu mwenye homa, taa ya kadi inazimika, halafu kazi inaanza upya tangu mwanzo. Tulisoma programu mstari kwa mstari. Tulibadilisha namba. Tulikaza skrubu. Mmoja wetu alianza kusema kwamba katoni imekuja na kitu kibovu.

Hapo sauti ikatoka benchi la nyuma: “Madamu, una njaa.”

Watoto walicheka. Aliyesema ni msichana ambaye siku hiyo alikuja shuleni kwa sababu ya mvua, kwani mvua ikinyesha samaki haaniki. Kwa kawaida hakosi kazini kwa mama yake, anakosa kwetu. Tukamwuliza anamaanisha nini. Akasema: “Kwenye kibanda cha kuchaji, wingu likifunika jua na simu zikiwa nyingi, zote zinakataa. Mwenye kibanda anaondoa nyingine ndipo zinaanza kuingiza. Huu nao hivyo hivyo. Kiungo kimoja kinashiba, vinne havishibi.”

Alikuwa amesema kweli. Kompyuta ya aina yetu, kwa njia ya kebo ile, inatoa umeme wa miliampea 500 tu, na mota nne zikianza kazi pamoja zinataka zaidi ya hapo. Tulitafuta chaja ya simu yenye volti 5, tukaipa kazi ya kuzilisha mota, tukaiacha kompyuta itoe amri peke yake. Waya wa kahawia wa mota tuliunganisha na upande hasi wa kadi na wa chaja, kwa sababu zisipokuwa na waya huo wa pamoja haziwezi kuelewana. Mkono ukasimama, ukashuka, ukachukua kizibo. Watoto walipiga kelele hadi mkurugenzi akaja kuona kuna nini.

Sisi wawili hatukupiga kelele. Tulitazamana. Mwezi wa kumi na moja tulikuwa tumemwita mama wa mtoto huyo, mjane ambaye mume wake alibaki ziwani, tukamwambia kwa upole wetu wote wa kiualimu: “Mama, kichwa cha mtoto huyu ni kizito. Afadhali akusaidie kazi.” Mama alitushukuru. Alituamini, maana sisi ndio tuliosoma.

Jumamosi iliyofuata, baada ya kuhesabu feza za AVEC, tuliuweka mkono mezani mbele ya wamama. Tulimweka msichana yule kwenye kompyuta. Mama yake alikuwa amekaa karibu na mlango, beseni miguuni.

Mama mmoja aliuliza: “Madamu, huu utaanza lini kugeuza samaki ili tupumzike?” Watu walicheka. Mwingine hakucheka. Alisema: “Na siku utakapoanza, mimi nitakula nini?”

Maswali yote mawili yalikuwa ya kweli, na hatukutaka kudanganya. Tuliwaambia kwamba mkono wa kwanza wa mashine kuingia kiwandani uliingia mwaka 1961, huko New Jersey, Marekani, kwenye kiwanda cha magari cha General Motors. Kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya chuma vya moto. Kazi hiyo iliunguza watu, na mashine iliwaepusha na moto. Lakini kazi inayochukuliwa na mashine, watu wake wanalazimika kutafuta nyingine. Wa kuulizwa ni nani anaijua mashine na nani haijui. Kisha tukawasimulia Kinshasa: mwaka 2013 mhandisi wa kike, Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na shirika lake la wanawake wa teknolojia, waliweka barabarani roboti kubwa za aluminiamu zinazoongoza magari. Zilitumia umeme wa jua, zilikuwa na taa nyekundu na kijani, na mikono iliyoinuka kusimamisha magari. Mama wa kwanza akasema: “Kumbe ni mwanamke!” Akaomba tulirudie jina.

Halafu tukasema, haya, tujaribu. Tuuambie mkono ugeuze samaki. Mmoja wetu aliandika ubaoni: shika samaki, inua, geuza, weka. Hatua nne.

Wamama walitupinga wote pamoja. Samaki yupi? Wa jana au wa leo? Yule mjane aliacha beseni, akaja karibu na ubao, akaanza kutusahihisha. Kwanza unamgusa kwa kidole, kama ngozi imeshika waya humgeuzi, utampasua. Unasubiri. Unaanzia upande wa mkia, kwa kuwa mkia unakauka mbele ya kichwa. Tilapia unamshika hivi, kambale unamshika vingine kwa sababu ana mafuta. Unanusa. Moshi ukibadilika harufu, unavuta kuni nyuma. Samaki wa katikati ya chanja unawapeleka pembeni, wa pembeni unawaleta katikati. Aliendelea hadi ubao ukajaa, na sisi tukafuta hesabu za Ijumaa ili tupate nafasi.

Binti yake alisikiliza yote, akajibu kutoka kwenye kompyuta: “Mama, huu hausikii. Ukifunga vidole haujui kama umeshika samaki au hewa. Unajua namba tu.” Alijaribu hata hivyo. Alipanga namba kwa tilapia mdogo mkavu kuliko wote. Mkono uliinama, ukashika mkia, ukainua kidogo, ukatetemeka, ukamwangusha. Wamama walipiga makofi kana kwamba umefaulu.

Tuliutazama ubao ule muda mrefu baada ya watu kutoka. Miaka yote tumekuwa tukiwaambia wasichana darasani: “Someni, msije mkawa wa kugeuza samaki tu.” Tulisema hivyo mbele ya watoto waliolishwa, kuvishwa na kununuliwa madaftari kwa samaki hao. Na sasa kazi hiyo “tu” ilikuwa imejaza ubao mzima, na bado mashine iliyotoka mbali haikuiweza. Mtoto tuliyemwita mzito alikuwa amejifunzia kwenye chanja na kwenye kibanda cha simu jambo ambalo sisi hatukuliona kwenye karatasi: angalia kwanza, subiri, kisha tafuta kisa.

Tulimfuata mama yake jioni ileile. Tulimkuta anafunika samaki kwa sababu ya umande. Tukamwambia tulikosea, tunamwomba msamaha, na mtoto arudi shuleni kila siku, kwani mwaka huu ana mtihani wa mwisho wa shule ya msingi.

Alikaa kimya. Kisha akasema: “Madamu, ninyi ndio mliniambia. Mimi nililia siku ile, halafu nikakubali. Sasa mnasema vingine. Nani atageuza samaki asubuhi?”

Hatukuwa na jibu. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali hailipishwi, na ni jambo jema, lakini hakuna aliyemlipia mama huyu mikono ya binti yake. Tulirudi nyumbani tukiwa na aibu mara mbili.

Jibu lilitoka kwa wamama wenyewe. Kwenye mkutano uliofuata tulieleza yote, pamoja na kosa letu. Waliamua kwamba hadi siku ya mtihani, Jumatatu hadi Ijumaa, wawili wao watapokezana kugeuza samaki wa mjane pamoja na wao, maana chanja zao zinapakana. Naye siku za Jumamosi atawalindia zao. Feza ya shule ya sekondari bado haijulikani itatoka wapi. Wengine wanataka AVEC imkopeshe, wengine wanasema akimkopesha mmoja watakuja kumi. Mjadala haujaisha, na hatuwezi kuwaandikia kwamba umeisha. Kwa sasa msichana anakuja, na amehama benchi la nyuma.

Wamama wenzetu, msiseme hamna katoni kama yetu. Mkono wa kwanza wa kufundishia mnaweza kuutengeneza kwa karatasi ngumu ya boksi na sindano mbili kubwa za dawa, mpya kutoka duka la dawa, bila ncha ya chuma. Msiokote zilizotumika kamwe. Jazeni maji moja kikamilifu, nyingine muiache tupu ikiwa imesukumwa hadi mwisho, unganisheni kwa mpira mwembamba uliojaa maji usio na hewa ndani, mzifunge kwenye viungo vya boksi. Ukisukuma hapa, mkono unainuka pale. Mwulizeni mtoto kwa nini. Msimpe jibu haraka. Na akijibu kutoka benchi la nyuma, mgeukieni.

Kikundi kitakachotaka kuuona mkono wetu ukifanya kazi, kipite Jumamosi baada ya AVEC, kikikuta jua limewaka vya kutosha.