Barua kutoka Athens: Agosti Haitoshi Kuwa Shahidi



Kila mwezi wa Agosti unapoingia, Ugiriki hurudi kwenye swali ambalo limeulizwa kwa zaidi ya miaka kumi, nalo ni iwapo meli zinazoondoka bandari ya Piraeus zikiwa zimesheheni abiria wa visiwani, pamoja na hoteli zisizobakiwa na chumba, ni ushahidi kwamba nchi imetoka katika mdororo wa uchumi. Mdororo, kwa maana yake ya kawaida, ni kipindi ambacho pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini, hupungua kwa angalau robo mbili za mwaka zinazofuatana. Lakini yaliyowapata Wagiriki yalivuka mpaka wa neno hilo, kwa kuwa kuanzia mwaka 2008 hadi 2013 nchi yao ilipoteza takriban robo ya pato lake, hasara ambayo ni nadra kuonekana mahali pasipokuwa na vita. Wenyewe huuita msiba huo krisi, na mikataba ya mikopo iliyofuata, ambayo iliwataka wapunguze mishahara, pensheni na matumizi ya serikali, huiita mnimonio, neno linalotamkwa hadi leo kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa uliowahi kuingia nyumbani kwake.

Anayetaka kujua kama msimu uliojaa ni dalili ya kupona hana haja ya kubuni mfano, kwa sababu historia ya karibuni ya Ugiriki imekwisha kulijibu swali hilo. Mwaka 2013 nchi ilipokea wageni wapatao milioni 18, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo, na mwaka huohuo ukosefu wa ajira ulipita asilimia 27, huku miongoni mwa vijana ukikaribia asilimia 60. Mwaka 2015, mwishoni mwa Juni, serikali ilifunga benki na kuweka kikomo cha euro 60 kwa siku kwa kila mwenye akaunti aliyetaka kutoa fedha zake, wazee wakapanga foleni mbele ya mashine za benki wakisubiri sehemu ya pensheni. Hata hivyo mwaka huo ulimalizika kwa wageni zaidi ya milioni 23. Msimu ulivunja rekodi huku nchi ikiwa bado kitandani.

Sababu za jambo hilo zinafaa kutazamwa kwa utulivu. Ya kwanza ni bei: mwaka 2012 kima cha chini cha mshahara kilishushwa kutoka takriban euro 751 kwa mwezi hadi 586, na kwa vijana wa chini ya miaka 25 kikashushwa zaidi, hivyo chumba na sahani ya samaki vikawa rahisi kwa mgeni kwa sababu mikono iliyovihudumia ilikuwa imepunguziwa ujira. Ya pili ni hofu iliyokuwa imetanda kwingineko, kwani machafuko ya Misri na mashambulizi yaliyolenga watalii nchini Tunisia mwaka 2015 yaliwafanya Wazungu wengi watafute jua lao upande wa kaskazini wa bahari ileile. Kwa hiyo fukwe zilizojaa zilieleza unyonge wa mfanyakazi na bahati mbaya ya jirani, mambo mawili ambayo hayawezi kuhesabiwa kuwa afya ya uchumi.

Haki inataka isemwe pia kwamba bila watalii maumivu yangekuwa makubwa zaidi. Wagiriki huuita utalii kiwanda kizito cha nchi yao, nao uliingiza zaidi ya euro bilioni 18 mwaka 2019. Mwaka uliofuata, janga la korona lilipofunga mipaka, mapato hayo yaliporomoka hadi kiasi cha bilioni 4, na ikadhihirika jinsi ilivyo hatari kuweka mayai mengi katika kapu ambalo mpini wake unashikwa na wageni. Tangu hapo watalii wamerudi kwa wingi kuliko zamani, ukosefu wa ajira umeshuka hadi karibu asilimia 10 mwaka 2024, na deni la taifa likilinganishwa na pato limepungua. Hizo ni nafuu za kweli. Lakini ukiondoa mfumuko wa bei, yaani kupanda kwa bei kunakoifanya takwimu ya fedha ionekane kubwa kuliko thamani yake, pato la taifa la mwaka 2024 lilikuwa bado chini ya lile la 2008.

Ndani ya msimu wenyewe mna gharama ambazo hazimo katika hesabu ya wageni. Santorini ni kisiwa chenye wakazi wapatao 15,000, nacho hutembelewa na watu zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, na mwalimu au daktari anayepangiwa kazi huko hukosa nyumba ya kupanga kwa sababu kila chumba kimegeuzwa malazi ya siku mbili tatu. Athens nayo imeguswa, hata serikali ikalazimika kusitisha, kuanzia Januari 2025, usajili wa nyumba mpya za kupangisha watalii katika maeneo matatu ya katikati ya jiji. Katika mtaa wa Kypseli, wenye maghorofa ya zamani na wahamiaji wengi wa Kiafrika, wakiwemo wanaozungumza Kiswahili, kodi imepanda mbio kuliko ujira, na wale wanaokwenda visiwani kuosha vyombo au kutandika vitanda huishi kwa kalenda ya sezon, neno la huko kwa miezi ya Aprili hadi Oktoba. Sezon ikifungwa, kazi hufungwa nayo.

Kwa sababu hiyo shahidi anayestahili kusikilizwa ni Februari. Mwezi huo feri ni chache, upepo wa baharini ni mkali, na anayebaki na mshahara ni yule ambaye kazi yake inategemea viwanda, mashamba, shule na biashara za wenyeji. Shahidi mwingine ni uwanja wa ndege, si upande wa wanaowasili likizo, bali upande wa wale zaidi ya 400,000, wengi wao vijana wenye shahada, waliohama wakati wa krisi kwenda Ujerumani, Uingereza na kwingineko. Wapo walioanza kurudi, na kila anayerudi kufungua karakana au kliniki katika mji alikozaliwa ni dalili yenye uzito kuliko kitanda kilicholipiwa usiku mmoja wa Agosti.

Jambo hili linaihusu Zanzibar moja kwa moja, kwani visiwa hivyo vilipokea watalii zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na uchumi wake hutegemea utalii kwa kiasi kikubwa. Takwimu za wageni hutangazwa kwa furaha, na furaha hiyo ina msingi. Lakini wanaozitangaza, na waandishi wanaozipokea, wanaombwa wafike katika vijiji vya pwani vya Paje na Nungwi mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea na hoteli zimepunguza watu, wahesabu wahudumu wangapi bado wanalipwa, kisha wachapishe idadi hiyo kando ya ile ya wageni.